Maabara ya taifa haipangwi kwa bajeti ya mwaka mmoja

KATIKA eneo la Nyamongo, wilayani Tarime, mchimbaji mdogo akipata dhahabu huipeleka kwenye mzani wa kielektroniki unaosoma hadi sehemu ya gramu. Muuzaji na mnunuzi huinama wote wawili kuangalia namba, na hakuna anayekubali kupunjwa hata chembe.

Si mbali na hapo, mama aliyelima mahindi kwa miezi kadhaa huyauza kwa debe, kisado au gorogoro. Debe limebonyezwa au limetanuliwa, kisado kimejazwa mpaka kikawa na mlima juu, na gunia limefungwa lumbesa. Mama huyo anajua kuwa amepunjwa, lakini hawezi kuthibitisha amepunjwa kilo ngapi.

Tofauti ya wawili hawa haiko kwenye dhahabu na mahindi tu. Iko kwenye kipimo. Mmoja anauza kwa kipimo kinachoaminika, mwingine anauza kwa kipimo cha mwenye fedha.

Kipimo kinachoaminika hakianzii sokoni. Kinaanzia maabara, na maabara hiyo ni ya fizikia. Ndiyo maana wakulima, wafugaji na wafanyabiashara wadogo wa Tarime na Serengeti wana kila sababu ya kufuatilia jambo linaloonekana kuwa mbali nao, yaani mipango ya muda mrefu ya maabara za taifa. Kati ya hizo zimo maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) zilizoko Arusha, na maabara ya vipimo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) jijini Dar es Salaam.

Wakati ni mwafaka. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 17, 2025, na utekelezaji wake umepangwa kuanzia Julai 2026. Kisichoingia katika mipango ya mwanzo ya Dira hiyo kitasubiri miaka mingi.

Kilo moja, miaka 44

Wapo wanaodhani kuwa maabara ni jengo lenye mashine, hivyo likishajengwa na mashine zikinunuliwa kazi imekwisha. Historia ya kilo yenyewe inaonyesha vinginevyo.

Tangu mwaka 1889, kilo ya dunia ilikuwa kipande cha madini ya platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, nchini Ufaransa. Kila mzani halali duniani, hata wa mnunuzi wa kahawa Tarime au wa pamba Serengeti, uliweza kufuatiliwa hatua kwa hatua hadi kwenye kipande hicho. Hapa nchini mnyororo huo hupitia viwango vya taifa, kisha mawe ya mizani ya Wakala wa Vipimo, wakala ulioanzishwa mwaka 2002, ndipo ufike kwenye mzani wa mnunuzi.

Mwaka 1975, mtaalamu wa Uingereza, Bryan Kibble, alibuni mzani wa aina mpya katika maabara ya taifa ya fizikia ya nchi hiyo, maabara iliyoanzishwa mwaka 1900. Mzani huo ulifungua njia ya kupima kilo kwa nguvu ya umeme badala ya kulinganisha na kipande cha chuma. Maabara za nchi kadhaa ziliendelea kuuboresha kwa miongo minne. Mei 20, 2019, dunia iliacha rasmi kipande cha Sèvres na kuanza kutumia maana mpya ya kilo.

Kutoka wazo la 1975 hadi uamuzi wa 2019 ni miaka 44. Kibble alifariki mwaka 2016, miaka mitatu kabla ya kazi yake kukubaliwa na dunia nzima. Kama serikali zilizogharamia kazi hiyo zingetaka matokeo kabla ya Juni 30 ya kila mwaka wa fedha, zingeshaifunga mapema.

Tanzania haihitaji kujenga mzani wa namna hiyo. Inachohitaji ni uvumilivu wa aina ile, pamoja na mpango unaoweza kuvuka mabadiliko ya mawaziri, wakurugenzi na wafadhili.

Somo la Unguja

Hata hivyo, hakuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta mfano. Tanzania ina wake, tena unaomgusa mfugaji moja kwa moja.

Unguja ilikuwa na mbung'o wanaoeneza nagana kwa ng'ombe. Dawa za kuua wadudu zilipunguza idadi yao, lakini hazikuwamaliza. Suluhisho lilitokana na fizikia. Mbung'o walizalishwa kwa wingi katika kituo cha utafiti mkoani Tanga, madume yakapigwa mionzi ya gama hadi yakawa tasa, kisha yakamwagwa kwa ndege kisiwani kuanzia mwaka 1994.

Kwa kawaida mbung'o jike hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa mtoto mmoja kwa wakati. Akipandwa na dume tasa, uzao wake umekwisha. Madume zaidi ya milioni 8 yaliachiwa. Mbung'o wa mwisho wa asili alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa huru.

Anayesoma habari hiyo anaweza kudhani kuwa kazi ilifanyika kwa miaka mitatu. La hasha. Majaribio ya madume tasa yalianza Tanga tangu miaka ya 1970, katika ranchi ya Mkwaja. Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976, na wataalamu wakajifunza taratibu namna ya kumlisha mbung'o damu, kumzalisha na kumpiga mionzi bila kumuua. Ushindi wa 1997 ulipandwa miaka 20 kabla.

Mfugaji wa Serengeti ana haki ya kuuliza: mbona huku bado? Jibu la kweli ni kwamba huku ni kugumu zaidi. Unguja ni kisiwa na ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o. Serengeti ni nchi ya wazi, ina zaidi ya aina moja ya mbung'o, na wanyamapori huwapa chakula mwaka mzima. Mbung'o akiondolewa kijiji kimoja, mwingine huingia kutoka porini.

Lakini ugumu huo ndio unaodai mpango mrefu. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwamo, waliugua malale. Mdudu yule yule anayemdhoofisha ng'ombe wa mwanakijiji anaweza pia kuharibu biashara ya utalii. Kuamua kama mitego, dawa, chanjo za utafiti au madume tasa ndiyo njia ya kufuata kunahitaji takwimu za miaka mingi, wala si semina ya siku mbili.

Mashine huzeeka hata isipotumika

Kuna jambo moja ambalo kila anayepitisha bajeti ya maabara anapaswa kulielewa. Chanzo cha mionzi cha kobalti 60 hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka mitano na miezi michache, kiwe kimetumika au kimefungiwa. Baada ya takribani miaka kumi hubaki robo. Kazi iliyochukua saa moja siku ya uzinduzi huchukua saa nne.

Maana yake ni rahisi. Serikali ikinunua chanzo hicho leo bila kutenga fedha za kukibadilisha, inanunua kitu ambacho kitakuwa nusu kabla ya mpango wa pili wa miaka mitano kushika kasi. Haitakuwa hujuma wala uzembe wa fundi. Ndivyo maumbile yalivyo, na yanaweza kuhesabiwa siku ile ile ya kununua.

Zipo pia mashine za kutambua mionzi kwenye chakula na udongo ambazo haziwezi kufanya kazi bila baridi kali, na nyingi hupozwa kwa nitrojeni ya kimiminika. Wafugaji waliopandishiwa ng'ombe kwa mrija wanaifahamu nitrojeni hiyo, kwa kuwa ndiyo inayohifadhi mbegu za madume kutoka kituo cha taifa cha uhamilishaji cha Usa River. Nitrojeni ikiisha, mbegu huharibika. Vivyo hivyo, mashine ya mamilioni ikikosa nitrojeni au umeme wa uhakika hugeuka kabati.

Kwa hiyo gharama ya mashine haiishii kwenye bei ya kununua. Ipo gharama ya matengenezo, vipuri, umeme, ulinzi, na mtu anayejua kuitumia. Mkulima aliyenunua pampu ya kumwagilia akakosa fedha ya mafuta anaelewa hesabu hii kuliko wengi.

Sirari na gramu kumi

Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliagiza kuzuiwa kwa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Agizo hilo liligusa mipaka yote, Sirari ikiwamo. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu ya aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kiwango hicho ni sawa na gramu 10 ndani ya tani 1,000 za mahindi, yaani magunia 10,000 ya kilo 100. Hakuna jicho, ulimi wala uzoefu wa mfanyabiashara unaoweza kuona hilo. Sumu hiyo hung'aa inapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, na vyombo vingi vya kuipima hutumia tabia hiyo ya mwanga. Bila chombo kilichohakikiwa, mfanyabiashara wa Sirari hana la kumjibu ofisa anayemwambia kuwa mzigo wake haufai.

Hali ni hiyo hiyo kwa mionzi. Baada ya ajali ya mtambo wa Chernobyl mwaka 1986, nchi nyingi zilianza kupima vyakula. Kwa miaka mingi TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ikirithi kazi za Tume ya Taifa ya Mionzi, imekuwa ikipima sampuli za vyakula vinavyoingia na vinavyotoka nchini.

Mfanyabiashara mdogo mara nyingi huona upimaji huo kama kizuizi na gharama. Malalamiko hayo yasipuuzwe, kwani cheti kinachochelewa wakati ndizi zinaiva garini ni hasara. Dawa yake, hata hivyo, si kufuta vipimo. Dawa ni kuwa na vipimo vya haraka, vya karibu na vya bei nafuu, ambavyo nchi jirani itaviheshimu bila kurudia. Heshima hiyo hujengwa kwa miaka, kwa maabara kulinganisha majibu yake na maabara nyingine mara kwa mara, ikikosea ikasahihishwa.

Kumbukumbu za Mto Mara

Machi 2022, maji ya sehemu ya chini ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kuwa chanzo kilikuwa kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika, na mjadala ulifika mbali.

Tukio lile lina funzo kubwa kuliko ubishi wenyewe. Watu hawaamini kipimo kinachoanza baada ya samaki kufa. Huamini kipimo kilichokuwepo kabla, mwaka baada ya mwaka, wakati wa masika na kiangazi, kikiwekwa wazi kwa kila mmoja. Mto unaotoka Kenya, ukapita katikati ya hifadhi, mashamba, malisho na maeneo ya migodi, unahitaji kumbukumbu za namna hiyo. Nazo hazipatikani kwa mradi wa miezi 18.

Urithi uliogawanywa

Wazee wa Afrika Mashariki wanakumbuka kwamba eneo hili liliwahi kuwa na mpango wa pamoja. Katika kituo cha Muguga, Kenya, kilichohudumia nchi zote tatu, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kutumika sehemu nyingi za dunia. Sotoka ilipodhibitiwa kwa ng'ombe, nyumbu wa Serengeti nao waliongezeka, na mwaka 2011 ugonjwa huo ukatangazwa kuwa umetokomezwa duniani.

Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, vituo vya utafiti viligawanywa kwa mujibu wa ardhi vilipokuwa. Muguga ilibaki Kenya, kituo cha malale cha Tororo kikabaki Uganda, na cha viuatilifu cha Arusha kikabaki Tanzania. Kila nchi ikaanza upya kujenga kile ambacho jirani alikuwa nacho.

Leo Jumuiya ipo tena na ina nchi nyingi zaidi. Si lazima kila nchi iwe na kila mashine. Mpango mzuri wa maabara ya Arusha ungeeleza wazi kipi kitafanyika hapa, kipi kitapelekwa Nairobi au Kampala, na kwa mkataba gani, ili mtikisiko wa kisiasa usiwaache wataalamu na wakulima mikono mitupu kama ilivyotokea 1977.

Zahanati kwanza?

Yupo atakayesema kuwa nchi yenye zahanati zisizo na dawa na shule zisizo na madawati haina sababu ya kuhangaikia fizikia. Hoja hiyo ni nzito na haifai kubezwa. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara hii hii, aliwakumbusha Watanzania mwaka 1969 kuwa kupanga ni kuchagua.

Ndiyo maana kinachotakiwa si maabara ya kujivunia mbele ya wageni. Kinachotakiwa ni kuchagua kazi chache na kuzifanya bila kukatiza. Hata zahanati na hospitali zinahitaji fizikia: mashine ya eksirei ya hospitali ya wilaya isipohakikiwa inaweza kumpa mgonjwa mionzi zaidi ya inayotakiwa. Na Serikali inayotoa ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/2023 ina haja ya kujua ni kiasi gani cha mbolea hiyo huingia kwenye mmea na kiasi gani huoshwa na mvua. Njia ya kutumia nitrojeni yenye alama ya kiisotopu inaweza kujibu swali hilo shambani.

Viongozi wa Afrika waliazimia kuwa kila nchi itenge walau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Azimio bila mpango wa matumizi ni kama gunia lililotoboka. Hata fedha zikipatikana, zitamwagika.

Yanayopaswa kufanyika

Kwanza, maabara za taifa zipewe mpango wa walau miaka 20 unaokwenda na Dira 2050, ukiwa na vituo vya kupima maendeleo kila baada ya miaka mitano. Waziri mpya aruhusiwe kuuboresha, asiruhusiwe kuuanza upya.

Pili, kila mashine inayonunuliwa, iwe ya fedha za ndani au ya msaada, iambatane na fungu la matengenezo kwa umri wake wote. Msaada usio na fungu hilo ukataliwe kwa adabu.

Tatu, kijana aajiriwe miaka kadhaa kabla ya mtaalamu mkongwe kustaafu, ili wafanye kazi bega kwa bega. Ujuzi wa kupima haumo kwenye kitabu cha maelekezo peke yake. Na mshahara wake uangaliwe, vinginevyo migodi itamchukua mwaka wa pili.

Nne, wakulima, wafugaji na wafanyabiashara wawe na viti kwenye meza ya kupanga. Vyama vya ushirika na halmashauri za Tarime na Serengeti viulizwe vinahitaji kipimo gani, kabla wataalamu hawajachagua mashine.

Tano, Wakala wa Vipimo uongezewe uwezo wa kufika gulioni, na sheria inayokataza lumbesa isimamiwe msimu wote wa mavuno, si kwa operesheni ya wiki moja.

Wakulima nao wana wajibu. Akatae kuuza kwa debe pale penye mzani, aangalie kama mzani una stika ya ukaguzi ya mwaka husika, akaushe mahindi vizuri kabla ya kuyahifadhi, na adai majibu ya vipimo vilivyofanywa kwa mazao yake. Huduma isiyodaiwa ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapopungua.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilikuwa kipimo, na kila aliyekitumia alijua kinachukua kiasi gani. Mama wa Tarime anayeuza mahindi yake leo anastahili uhakika huo huo. Hautapatikana kesho asubuhi, lakini usipopangwa sasa, wajukuu wake nao watauza kwa debe lililobonyezwa.